Moja Isiyotoka Duarani

Kazi yenyewe niliipata kwa mdomo wangu. Nilikuwa na kibanda cha kutengeneza kompyuta pale Nyamisangura, mjini Tarime, na siku hiyo nilikuwa namtambia mteja kwamba mimi si fundi wa kubadilisha vioo vya simu kama wale wa stendi, mimi naandika programu kwa lugha ya C. Mteja alikuwa muuza vipuri, mzee wa Kiislamu ambaye babu yake alikuja huku kutoka pwani akakaa. Miaka ile ya dhahabu kila mwenye akiba kidogo alikuwa ameizika ardhini, naye alikuwa na duara upande wa Serengeti, mbele ya Nyambureti. Duara ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, akasema, "Basi kijana, kama unajua hivyo, nitengenezee kitu kitakachoniambia ni watu wangapi wako chini kabla baruti haijawashwa."

Hilo si jambo la kuchezea. Kila siku saa kumi jioni, wachimbaji wakishatoka, mlipuaji aliwasha utambi ili mwamba ulegee kwa kazi ya kesho. Mtu akisahaulika chini hapo, hakuna hata cha kuzika. Mzee alilisema hilo polepole huku akizungusha kikombe cha kahawa, nami nikaona kwamba halisemi kwa kusikia tu. Sikumuuliza. Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini miaka ile niliona kila swali linanipunguzia kimo.

Nilikwenda duarani kwa pikipiki, zaidi ya saa mbili za vumbi. Mdomo wa shimo ulikuwa umezungushiwa magogo, na kutoka ndani ilitoka hewa ya baridi iliyokugusa miguu wakati kichwani jua linakuchoma. Kwenye gogo moja alikaa mama mtu mzima aliyevaa kanga mbili na sweta la kiume. Wachimbaji wa pale wana miiko yao, hawakumruhusu mwanamke yeyote kusogelea shimo, lakini huyu walimpisha, wengine wakimzunguka kwa mbali wasimpite mbele. Yeye ndiye aliyejua nani yuko chini.

"Shikamoo mama," nikamwambia.

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye wa mashine?"

"Ndiye mimi."

"Haya. Ila mashine yako isihesabu watu kwa sauti."

Nilikuwa nimepanga ifanye hivyo hasa, itamke namba kwenye spika. Nikaudhika kimoyomoyo. Lakini hata nyumbani kwetu marehemu bibi hakukubali mtu asimame zizini akitaja ng'ombe wangapi, sembuse watu, kwa hiyo nikameza. Nikaamua namba itokee kimya kwenye ubao wa taa nyekundu, juu ya mti, mahali ambapo mlipuaji anaweza kuiona, ubao unaowashwa jioni tu, watu wakianza kutoka.

Utaratibu wao wa zamani ulikuwa kopo la mafuta ya kupikia. Kila anayeshuka alichagua jiwe lake dogo akalitia koponi mbele ya mama, na akipanda alilitoa kwa mkono wake mwenyewe. Sharti lilikuwa hilo tu: jiwe la mtu halitolewi na mwingine. Hakuna aliyehesabu chochote. Siku hiyo ya kwanza nilikaa hadi saa kumi kuangalia. Watu wakatoka, mawe yakatolewa, mama akainama kwenye shimo akaita jina la mtu mmoja, akasikiliza, akamgeukia mlipuaji akamkubalia kwa kichwa. Mlipuaji akawasha. Nilipochungulia koponi niliona jiwe moja limebaki chini. Nikadhani ni la kulizuia kopo lisipeperushwe na upepo.

Programu ya kwanza niliiandika yote kwa C. Kila mchimbaji alipewa kisahani cha bati chenye namba. Anaposhuka mama anabonyeza namba ile, anapopanda anaibonyeza tena, na ubao unaonyesha waliomo. Nilifunga pakacha langu la nyaya nikarudi Tarime nikijiona bingwa. Siku ya tatu simu ikaanza. Anayeshuka ngazi ya kwanza tu kupeleka magogo ahesabiwe au asihesabiwe? Fundi wa pampu anayeingia na kutoka mara kumi kwa siku je? Mtu akipanda kula halafu kisahani chake akakiacha chini? Kila kanuni ikibadilika, mimi nabadilisha mstari mmoja kibandani, nasaga programu nzima upya, napanda pikipiki, nakula vumbi saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Mara ya tano niliapa kwamba ya sita itanikuta nimehama.

Hapo ndipo nilipoamua kutia lugha ya pili ndani ya programu. Kwa asiyejua kazi hii: C ni lugha ya kusagwa. Ukishaandika, inasagwa yote kuwa kitu ambacho kompyuta inakielewa na binadamu hakielewi, na ukitaka kubadilisha neno moja lazima urudi kwenye mashine ya kusaga. Lugha ya kutiwa ndani haisagwi. Inakaa kando kama faili la maandishi ya kawaida, na programu ikifika penye kanuni inalisoma faili lile na kutii. Mtu aliye palepale duarani anaweza kulifungua akabadilisha, na mimi nikabaki Tarime nikinywa chai yangu.

Nilikaa wiki mbili nikichagua lugha hiyo, na sijawahi kuchagua kitu kwa raha vile, hata mke. Python niliipenda na niliijua. Lakini kuitia ndani ya programu ndogo ni kumkaribisha mgeni mmoja akaja na ukoo mzima, na kompyuta niliyokuwa nayo ilikuwa kuukuu, niliinunua Sirari kwa mtu aliyevusha vifaa vilivyotumika kutoka Isebania, ng'ambo ya mpaka wa Kenya, kumbukumbu yake haba. Tcl ilikuwa nyepesi, ila kwayo kila kitu ni maneno, hata namba, na mimi sikutaka kuwakabidhi watu wa chini kwa kitu kama hicho. Nikajaribu jamii ya Lisp, ambayo kila neno lake hufungwa kwa mabano. Siku mbili nikawa naota mabano. Kisha kiburi kikanijia: tunga lugha yako mwenyewe, wewe si bingwa? Nilianza kweli. Siku ya nne lugha yangu iliweza kujumlisha na haikuweza kutoa, nikaifuta bila kumwambia mtu.

Ikabaki Lua. Yote ilienea mahali ambapo Python ingeweka viatu tu. Imeandikwa kwa C, kwa hiyo inakaa ndani ya C bila ugomvi. Ikikosea, unaweza kulinasa kosa lake humohumo, programu kubwa isianguke. Niliweza pia kuchagua milango ya kuifungulia. Wa mafaili na wa mfumo sikuifungulia, kwa sababu mgeni anakaribishwa sebuleni, haonyeshwi chumba cha kulala. Na kazi, yaani amri ndogondogo, nilizoitolea kutoka upande wa C nilizipa majina ya Kiswahili: ingiza, toa, waliomo. Kasoro moja niliiona nikaiandika daftarini kwa wino mwekundu. C inaanza kuhesabu orodha kutoka sifuri, Lua inaanza kutoka moja. Nikajiambia kwamba shida ikitokea, itatokea kwenye mpaka huo.

Yote hayo niliyapima. Ukubwa, kasi, usalama, majina. Jambo moja sikulipima kwa sababu halimo kwenye kitabu chochote cha kazi yetu, nalo ni kwamba ukimpa mtu lugha, atasema alicho nacho moyoni.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lua nayo niliipa jembe siku ya tatu, nikamkalisha mama mbele yake. Alikuwa amesoma hadi darasa la saba, na kidole chake kilitembea chini ya kila neno. Yale maneno machache ya Kizungu hayakumsumbua. *If* aliielewa kabla sijamaliza kueleza. *End* ndiyo iliyomkera.

"Hii kila mahali ni ya nini?"

"Inafunga ulichofungua, mama. Usipoiweka inakataa yote."

"Hakuna kuacha wazi?"

"Hakuna."

Akaguna. Lakini alijifunza haraka kuliko vijana niliowahi kuwafundisha mjini, na wiki ile ile aliandika mwenyewe kanuni ya fundi wa pampu, ikafanya kazi. Nilifurahi sana. Hata namba ya mwisho, ile inayokwenda kwenye ubao, niliipitisha kwenye faili lake, ili siku kanuni ikibadilika asinihitaji. Kopo lilisukumwa chini ya gogo. Programu ilianza na sifuri, kama programu zote.

Mwezi mzima hakuna aliyenipigia simu. Nilijisifu kwa kila aliyekubali kusikiliza. Kisha mzee akaniomba niende kukagua nyaya kabla ya mvua, nikafika duarani mchana, nikakagua, na saa kumi ikanikuta pale.

Watu walitoka mmoja mmoja, weupe kwa vumbi la mwamba. Mashine ya kupandishia mawe ikazimwa. Saa ile shimo hubadilika. Hewa inayotoka inakuwa ya baridi zaidi na ina harufu ya udongo uliofunikwa siku nyingi, na watu, hata walevi, hushusha sauti. Niliwahesabu kwa macho, Mungu anisamehe. Wote walikuwa juu. Nikatazama ubao wangu. Ulionyesha moja.

Hakuna aliyeshtuka. Wanaume waliusogelea ubao, wakaona ile moja nyekundu, na wawili wakavua kofia. Mama akainama akaita lile jina. Akasikiliza. Mlipuaji, mtu mfupi wa Nyambureti aliyeacha mihogo yake kuja kuishi na baruti, akatoa kiberiti.

"Wewe!" nikapiga kelele. "Mbona unawasha? Inasema kuna mtu!"

Akanitazama kama unavyomtazama mgeni aliyeingia na viatu msikitini. "Huyo hatoki," akasema, akashuka ngazi za mwanzo akawasha, akapanda kwa mwendo wake wa kila siku.

Ardhi ilitikisika. Moshi ukapanda. Ubao ukaendelea kuonyesha moja.

Sikurudi Tarime. Nilipanga chumba Nyambureti, na siku tatu nikawa naamkia pale shimoni kutafuta kosa. Nilikuwa na hakika ni lile la mpakani, la sifuri na moja. Fundi yeyote angesema hivyo, kwa sababu namba ilizidi kwa moja kamili, haikupungua wala kuongezeka. Nilisoma upande wangu wa C mstari kwa mstari. Niliwaza labda kuna mtu aliyefutwa kwenye orodha akaacha tundu, maana Lua ikiwa na orodha yenye matundu inaweza kukudanganya urefu wake. Hakukuwa na tundu. Nilizima kila kitu, nikawasha mashine ikiwa haijaingizwa mtu hata mmoja, duara tupu, asubuhi ndege wanalia. Moja.

Nitasema ukweli, niliogopa. Nilitafuta kwenye orodha yangu lile jina alilokuwa akiliita mama, halikuwemo. Hapakuwa na mchimbaji mwenye jina hilo. Nilianza kukaa nikiwa nimeligeuzia shimo ubavu, sikutaka tena liwe nyuma yangu.

Faili la mama nililifungua mwisho kabisa, siku ya tatu jioni, baada ya wengi kuondoka. Sikulifungua mapema kwa sababu nilidhani kosa la maana haliwezi kufanywa na mtu wa darasa la saba. Lilikuwa safi, kila kilichofunguliwa kimefungwa. Kwenye kazi ya ubao palikuwa na mstari huu:

return waliomo() + 1 -- na yeye

Yaani: toa hesabu ya waliomo, jumlisha moja. Vile vistari viwili katika Lua ni alama kwamba kinachofuata ni maelezo ya mwandishi kwa msomaji. Kompyuta haiyasomi. Nilikuwa nimemfundisha hilo mwenyewe.

Nilimfuata mlipuaji, aliyekuwa akifunga mizigo yake. Akaniambia bila kusimama. Miaka mitatu nyuma njia moja ya chini, ya upande wa kushoto, iliporomoka mtu akiwa ndani. Walichimba siku tisa kumtafuta, mwamba ukawa unazidi kushuka, mwisho wakaiziba kwa magogo wakaanza njia nyingine. Mtu yule alikuwa mume wa mama. Jiwe lake lilikuwa bado koponi, na nani angelitoa? Mwenye kulitoa ni yeye.

"Ulipoleta mashine," akasema, "ubao siku ya kwanza ulionyesha sifuri. Yule mama hakula siku mbili. Halafu, ulipompa ile lugha, akamwandika. Sisi tukaona vizuri."

"Na kila siku unawasha ikiwa moja?"

"Ikiwa moja najua wamebaki wenyewe wawili, yeye na mwamba."

Nilirudi kwenye mashine nikiwa nimekasirika, na leo sijui vizuri nilimkasirikia nani. Nilijiambia nina haki. Ubao ule uliwekwa kwa ajili ya walio hai. Mlipuaji aliyezoea kuwasha wakati namba inasema kuna mtu ni mlipuaji aliyefundishwa kutoamini namba. Asiyekuwepo na lake halipo, nikasema kwa sauti, peke yangu, na sauti yangu mwenyewe pale kando ya shimo haikunipendeza. Nikafuta ile jumlisha moja na yale maneno mawili. Mama alikuwa ameshakwenda kwake. Nilipanga kumwambia asubuhi, na hapo naomba nisijipambe: niliona nafuu kwamba hayupo.

Usiku ule nilirudi kulala Tarime, na asubuhi gurudumu la nyuma la pikipiki lilipasuka njiani, mahali pasipo na fundi, na simu yangu haikupata mtandao. Nilisukuma. Nikafika duarani saa tisa na nusu, nimelowa jasho, nikakuta watu wameanza kutoka. Mama alikuwa kwenye gogo lake akibonyeza namba. Nikaona si mahali pa kumwambia neno kama lile, watu wamejaa. Nitangoja, nikasema, ubao utafika sifuri, watashtuka, nami nitaeleza.

Ubao ukashuka: tano, nne, mbili. Ukafika moja. Watu wakasimama. Hakuna mwingine aliyetokea kwenye ngazi. Ukabaki palepale.

Nilipiga magoti mbele ya kompyuta nikafungua faili. Ule mstari haukuwa na jumlisha moja. Haukuwa na "na yeye". Niliufuta, ulikuwa umefutika, na ubao bado ulisema yuko. Kwa muda wa pumzi kadhaa niliamini. Mimi niliyekuwa nacheka waganga niliamini kabisa kwamba nimemfuta mtu asiyekubali kufutwa.

Wengine waliona moja yao ya kila siku. Wawili wakavua kofia. Mama akainama akaita lile jina.

Na shimo likajibu.

Ilikuwa sauti ya mwanamume, imezibwa, inatoka mbali, upande wa kushoto. Haikusema neno lililoeleweka. Ilikuwa tu kama ya mtu anayeitika usingizini.

Hakuna aliyekimbia. Ningependa kuandika kwamba walikimbia. Walikaa kama walivyokuwa, na mtu mzima mmoja nyuma yangu akasema taratibu, kwa Kikurya, kwamba sauti ya chini haijibiwi, anayejibu anafuatwa nyumbani. Mama alikuwa bado ameinama. Aliita tena, safari hii kwa sauti ndogo, kama anavyoitwa mtu aliye chumba cha pili, na sauti ikaitika tena. Mlipuaji akausogelea mdomo wa shimo. "Nifunge," akasema. "Nimfungie alale." Akatoa kiberiti akaanza kushuka ngazi.

Hapo ndipo akili iliponirudia, na ilirudi kwa njia ya kazi yangu. Ile jumlisha moja haipo. Nimeisoma kwa macho yangu sasa hivi haipo. Kwa hiyo moja iliyo kwenye ubao imetoka kwenye orodha, na kwenye orodha wanaingia wenye visahani tu, na wenye visahani ni walio hai. Kama nisingeugusa mstari ule, ubao ungeonyesha mbili, mama angeona mbili, na mlipuaji asingethubutu. Kati ya watu wote pale, mimi peke yangu nilijua kwamba yule chini ni mtu, na nilijua kwa sababu ya jambo ambalo sikumwambia yeyote.

"Usiwashe!" nikapiga kelele. "Ni mtu! Ni mtu hai kabisa yuko chini!"

Mlipuaji akasita kwenye ngazi. Mama aligeuza uso. Ulikuwa umejaa furaha, na furaha ile ndiyo ninayoiona hadi leo nikifunga macho.

"Unajuaje?" akaniuliza. "Unajuaje kwamba si yeye?"

Nilijaribu kutafuta njia nyingine ya kusema. Sikuipata.

"Kwa sababu nilimtoa, mama. Jana jioni. Hayumo tena kwenye hesabu."

Niliwageukia wanaume nikasoma orodha kwenye kioo, namba ya kisahani iliyobaki. Ilikuwa ya mtu aliyeajiriwa juzi, aliyetoka upande wa Sirari, hakuna aliyemjua vizuri kiasi cha kugundua hayupo. Mlipuaji, kwa kuona haya au kwa kutaka kuamini, alikuwa wa kwanza kushuka tena, bila kiberiti. Wengine watatu wakamfuata. Tulisikia magogo yakisogezwa chini kule, magogo ya ile njia iliyozibwa, kisha ile sauti ikapanda wazi, na ilikuwa na hasira: "Ngojeni bana! Mguu imeshikwa na mbao! Mnataka kunilipua aje?"

Alikuwa amesikia kwamba kwenye njia ya kushoto dhahabu iliachwa mbichi. Akapenya peke yake kati ya magogo mchana wengine wakila, gogo moja likamwangukia mguuni, akapoteza fahamu, na kilichomwamsha ni kuitwa. Jina halikuwa lake, alisema, lakini ukiwa gizani unaitika lolote.

Walimpandisha. Watu walimgusa mabega na kichwa kuhakikisha. Yeye alitaka maji na alitaka mfuko wake wa mawe, mfuko ukatafutwa ukapatikana. Mama akanyoosha mkono akabonyeza namba yake. Ubao ukawa sifuri.

Aliutazama kwa muda mrefu. Mimi nilisimama kando yake nikiwa na maneno mengi, yote hayafai, nikachagua lililokuwa karibu.

"Nitaurudisha ule mstari, mama. Ni dakika moja."

"Ukiurudisha," akaniuliza, si kwa ukali, "atakuwa yeye, au itakuwa moja tu?"

Nilitaka kumdanganya. Nimedanganya watu wengi kwa mambo madogo zaidi.

"Itakuwa moja tu," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole. Akavuta kopo kutoka chini ya gogo, akalishika mapajani bila kulichungulia. Kisha akamgeukia mlipuaji, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alisema kwa sauti ya kusikika na watu wote.

"Chini hakuna mtu. Washa."

Mlipuaji alimtazama mara mbili kabla ya kushuka.

Jumamosi ile walikaa matanga, baada ya miaka mitatu. Nilikwenda. Nilikaa nyuma kabisa na wanaume wa duara, na hakuna aliyeniambia nitoke.